Ndoo Tupu Ilipopiga Kelele

Mambo yaliharibika siku ya Jumatatu, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa pili, saa mbili na robo asubuhi. Mzee Waya aliijua dakika yenyewe kwa sababu ndiyo kwanza alikuwa ameitazama saa ya ukutani, ile aliyoifufua mara tatu wakati wakubwa walishaiandika kuwa imekufa, akajisemea moyoni: bado dakika tano wataanza kuniita.

Hawakumwita.

Mwalimu mpya, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye viatu vya bapa kama mtu aliyepanga kusimama kutwa, alipita meza hadi meza akikusanya karatasi za maelekezo. Meza nane, wanachuo wawili wawili, karatasi nane. Akazitia kabatini, akafunga, ufunguo akautia mfukoni. Kisha akaandika ubaoni mstari mmoja tu: Tengeneza kitu kitakachopiga kelele ndoo ikijaa maji.

Wanachuo wakautazama ule mstari, wakasubiri wa pili. Haukuja.

"Mwalimu," akaita kijana wa meza ya sita, ambaye wenzake walimwita Mbunge kwa kuwa aliongea sana na hamalizi kitu, "sasa waya wa kwanza tunauchomeka wapi?"

"Wewe unaonaje?"

"Mimi naona kabati lifunguliwe."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, lakini kabati hakulifungua. Tangu siku hiyo jina lake likawa Mwalimu Unaonaje, na hakuna aliyemwita vingine isipokuwa mbele yake.

Kisha akaja mlangoni, pale kwenye kigoda cha Mzee Waya.

"Shikamoo, Mzee wangu."

"Marahaba, Mwalimu."

"Nina ombi, na ni zito kidogo. Wakikwama, waache wakwame. Wakikuita, usiende."

"Nisiende? Na nikienda kutatokea nini?"

"Ukienda watapona haraka mno," akasema, tena kwa adabu, na hilo ndilo lililouma zaidi. Mtu akikutukana unajua pa kumshika. Mtu akikuweka kando kwa shikamoo, utamshika wapi?

Ili mtu aelewe neno lile lilivyochoma, ajue kwanza kazi ya Mzee Waya ilikuwaje. Kwa miaka ishirini na tatu alikuwa ndiye mtunza maabara ya elektroniki katika chuo kile cha ufundi. Cheo chake kwenye makaratasi kilikuwa mhudumu, yaani mtu wa ufagio na funguo. Shule aliishia darasa la saba. Ufundi aliupata kwa mjomba wake aliyekuwa akitengeneza redio kwenye kibanda cha mabati, na aliupata kwa makofi. Lakini kila aliyepita katika chuo kile alijua nani hasa mwenye maabara. Alfajiri alifungua, akapanga vifaa kwenye vifuniko nane vya makopo ya rangi: rezista hizi, transista hii, waya zimeshakatwa kwa kipimo. Karatasi ilimwambia mwanachuo chomeka hiki hapa, kile pale. Taa isipowaka, mwanachuo alinyoosha mkono, Mzee Waya akaja, akainama, akagusa kwa mkono wake wa kushoto, sekunde mbili, taa ikawaka. "Asante, Mzee!" Na wengine wanyooshe mikono.

Hata siku za mtihani wa vitendo alipita nyuma ya meza wakati wasimamizi wakinywa chai. Vizazi kwa vizazi vilitoka pale na vyeti vya kuning'iniza ukutani bila kutafuta kosa hata moja kwa mikono yao. Walimu walijua. Mkuu wa idara alijua kuliko wote. Matokeo mazuri yalikuwa yao, mkono ulikuwa wake. Ndivyo walivyo wakubwa: chakula kikinoga wamepika wao, kikiungua aliyewasha moto ni wewe.

Na mkono wenyewe ulikuwa na alama. Kwa kuwa alikuwa wa kushoto, waya alizisokota kinyume na watu wengine, na ncha akaikunja kama ndoana ndogo. Ukifungua kifaa chochote pale chuoni ukaikuta ndoana ile, hukuhitaji kuuliza nani alipita.

Miaka mitatu kabla ya Jumatatu hiyo, mkewe aliamka na maumivu ya kifua. Siku hiyohiyo wakaguzi walikuwa wanakuja chuoni. Mzee Waya alimpigia simu mkuu wa idara kuomba ruhusa ampeleke mgonjwa hospitali. "Mzee, bila wewe maabara inasimamaje?" mkuu akamwambia. "Njoo hata kwa saa moja tu, kisha uende." Akaenda. Mkewe akapelekwa na jirani. Saa moja ikawa nne, wakaguzi wakala, wakanywa, wakasaini, na simu ya jirani ilipoita Mzee Waya alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya nne akitafuta waya uliokatika. Mkuu wa idara alifika msibani na miwani nyeusi, akakaa robo saa. Tangu hapo Mzee Waya alibaki na jambo moja la kujishikilia: kwamba lile neno lilikuwa kweli, kwamba bila yeye maabara isingesimama. Lazima liwe kweli. La sivyo, alimwacha mama watoto aende na jirani kwa ajili ya nini?

Sasa fikiria mtu huyo ameketishwa kwenye kigoda, mikono magotini, anatazama.

Wiki ya kwanza aliifurahia, tusidanganyane. Hakuna kilicholia. Wanachuo walichoma transista kama njugu, harufu ikajaa chumba kizima, Mbunge akaomba zitolewe rambirambi. Wengine walimgeukia Mzee Waya kwa macho ya mbuzi aliyefungwa, naye akawaonyesha viganja vyake vitupu: mimi nimekatazwa, muulizeni bibie. Mwalimu alikuwa akipita na swali lake lilelile. Wewe unaonaje? Ulipima wapi? Uliandika nini kwenye daftari? Maana kila mmoja aliambiwa alete daftari la kuandika alichojaribu na kilichogoma, na mwalimu alilisoma kila wiki kwa kalamu nyekundu.

Wiki ya pili, Alhamisi, kengele ikalia kwenye meza ya tatu. Mzee Waya akainuka kidogo kwenye kigoda chake kwa mazoea, ili apokee asante. Darasa zima likakimbilia meza ya tatu. "Mmefanyaje? Hebu tuonyesheni!" Wanaulizana wenyewe kwa wenyewe! Watoto wa juzi, hawajui hata harufu ya redio iliyoungua, wanafundishana! Akakaa tena, taratibu, kama mtu aliyeinuka kumpisha mgeni ambaye hakuwa anakuja kwake.

Kuanzia hapo walimjia kama wanavyomwendea mwenye duka. "Mzee, tupe waya mwekundu." Anawapa mweusi. "Mwekundu umekwisha," anasema, na bunda zima la mwekundu liko chini ya kigoda, amelikalia kama kuku anayeatamia.

Lakini haya yote angeyameza. Kilichomkaa kooni kilikuwa pale meza ya sita, kwa sababu mwenzake Mbunge kwenye meza ile alikuwa binti wa Mzee Waya mwenyewe, kitinda mimba wake, mtoto pekee aliyebaki nyumbani. Binti huyu alipokuwa na miaka sita aliketi juu ya meza hizohizo akimmulikia baba yake tochi. Mzee Waya alisubiri miaka kumi na mitatu aingie chuo, anyooshe mkono, aseme, "Mzee, njoo," mbele ya watu, na yeye aende. Sasa ameingia, na mkono haunyooki.

Siku moja binti alikwama kwelikweli. Mwalimu akavuta kiti, akakaa kando yake bega kwa bega, akanyamaza. Dakika ishirini! Mzee Waya alizihesabu kwenye ile saa ya ukutani. Angelimaliza jambo lile kwa sekunde mbili. Lakini alipowatazama, binti ameegemea mbele, mwalimu ameshika kidevu, wote wawili wakiitazama transista moja kama wanaomsubiri mtoto aamke, kijiba cha roho kikamkaba. Hajawahi kukaa na mtoto wake dakika ishirini bila kumwambia la kufanya. Na tazama, huyu wa kuja amekaa. Mahali pale pa bega palikuwa pa nani?

Nyumbani ndiko kulikozidi. Jioni binti alitandaza vitu vyake mezani: ndoo ya buluu ya pale nyumbani, kipande cha ndala cha kuelea majini, vibati viwili, waya. Baba akaketi ng'ambo ya meza. Akavumilia. Akashindwa.

"Hapo umekosea, mama."

"Najua pana kosa, Baba. Usiniambie liko wapi."

"Nisikuambie? Mimi?"

"Ukiniambia nitakuwa nimelipokea, sijalitafuta."

"Na kulipokea kwangu kuna ubaya gani? Hiyo chai unayokunywa umeitafuta au umeipokea?"

"Baba jamani!" Binti akacheka, akasogeza ubao wake wa kuchomekea waya mbali na ule mkono wa kushoto uliokuwa umeshaanza kutambaa mezani. "Mwalimu anasema kosa ulilolipata mwenyewe hulisahau."

"Mwalimu anasema."

"Eeh. Na mwalimu anasema tuanzie kwenye betri, twende hatua kwa hatua na mita ya kupimia umeme."

"Hiyo ya tisa," baba akasema.

"Tisa nini?"

"Tangu umeketi, mwalimu anasema, mwalimu anasema, mara tisa. Marehemu mama yako hakunitaja mara tisa kwa jioni moja, na alikuwa mke wangu."

Binti akacheka tena, akidhani ni utani. Mzee Waya akaondoka kwenda kuosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

Kesho yake alikwenda kwa mkuu wa idara. Mkuu alikuwa na meza kubwa isiyokuwa na kitu juu yake, na ndivyo unavyomjua mkubwa: asiyefanya kitu ndiye mwenye meza kubwa.

"Mkuu, yule mwalimu anaharibu watoto. Hafundishi. Anauliza tu."

"Ana barua kutoka juu, Mzee. Mtindo mpya. Mwanachuo ajiongoze mwenyewe."

"Ajiongoze mwenyewe, basi mwalimu wa nini? Na mimi miaka ishirini na tatu nilikuwa nafanya nini pale?"

Mkuu akatazama dirishani. "Mzee wangu, tusemezane ukweli. Hakuna barua inayosema wewe unafundisha."

Alilisema hivyo, mtu yuleyule aliyesema bila wewe maabara inasimamaje. Mdomo uleule!

Labda mkuu aliona jinsi uso ule ulivyobadilika, maana alishusha sauti. "Sikiliza. Ijumaa ya wiki ijayo wageni wa bodi wanakuja kuona hizo kengele za ndoo. Zikifanya kazi, mwalimu abaki na mtindo wake. Zikigoma mbele ya wageni, Jumatatu karatasi zinatoka kabatini na wewe unarudi mezani. Sitaki aibu mimi."

Mzee Waya akatoka na Ijumaa hiyo kichwani kama mtu aliyebeba yai.

Ijumaa alifungua maabara saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jua lilikuwa limeshaingia kwa dirisha la nyuma. Meza nane, ndoo nane, mbao nane zimeungwa tayari. Betri tu ndizo hazikuwapo, mwalimu alizifungia kwenye droo yake zisije zikaisha. Alianza meza ya kwanza, mlangoni. Alichomoa mguu wa rezista nusu tu, ukibaki umesimama shimoni kama mlinzi aliyelala wima. Meza ya pili akaigeuza transista. Ya tatu akatoa rezista, akaweka nyingine yenye mistari ya rangi inayokaribiana na ya ile aliyoitoa. Ya nne hivi, ya tano akaukunjakunja waya mahali pamoja mpaka shaba ikakatika ndani na ngozi ya juu ikabaki nzima, kosa ambalo yeye mwenyewe ujanani lilimla nusu siku na makofi mawili ya mjomba. Hakurudia kosa moja mara mbili. Hata katika uovu alikuwa fundi.

Meza ya sita aliiruka. Akaenda ya saba, akaenda ya nane. Wakwame wa meza zote saba, wamgeukie mbele ya wageni, yeye ainuke, sekunde mbili, sekunde mbili, sekunde mbili. Na binti yake peke yake afaulu. Kuna baba asiyetaka hivyo?

Kisha akarudi meza ya sita kuangalia tu.

Daftari la binti lilikuwa wazi kando ya ndoo. Kurasa mbili zimejaa maandishi madogo na mchoro, na kusoma maandishi madogo kwake ilikuwa kama kuokota mchele kwenye mchanga. Hakuyasoma. Alichosoma ni wino mwekundu pale chini, mkubwa, wa kujiachia: Umefikiri vizuri sana, binti yangu.

Binti yangu.

Akasimama pale hajui kwa muda gani. Yule mwanamke amelichukua darasa, amemchukulia asante zake, sasa anaandika binti yangu kwa wino mwekundu kwenye daftari alilonunua nani? Nani alimbeba mtoto huyu mgongoni akiwa mdogo, mama yake alipokuwa akiumwa? Akauinamia ule ubao wa waya kwa hasira ya kutafuta. Na akaliona. Kosa! Kosa la siku zote, kosa alilowasahihishia wanachuo mia: rezista imetoka kwenye betri moja kwa moja mpaka kwenye transista, na vibati vya ndoo vimeungwa upande wa chini, pasipo pao. Na mwalimu ameandika vizuri sana! Hajui huyu! Hajui kitu!

Akalifunga daftari. Mkono wa kushoto ukaingia wenyewe, ukachomoa, ukahamisha, ukasokota, ukakunja ncha. Sekunde mbili. Akajisikia mwepesi kama aliyepumua baada ya mwezi mzima. Betri ya kujaribia hakuwa nayo, lakini tangu lini Mzee Waya akajaribu? Kilichoguswa na mkono ule kilifanya kazi.

Wageni walikuwa wanne. Mkuu wa idara alitangulia akitabasamu kwa meno ya juu. Meza ya kwanza wakaweka betri, wakamimina maji, ndoo ikajaa. Kimya.

Mzee Waya akaweka mikono magotini. Sasa wataita.

"Haifanyi kazi," akasema msichana wa meza ya kwanza. Alisema kama anayesema mvua inanyesha. Tabasamu la mkuu likakauka. Mwalimu alikuwa amesimama mikono nyuma.

"Mnaonaje?"

Hawakumtazama hata mwalimu. Mmoja akachukua mita, mwingine akafungua daftari. Betri ina nguvu. Swichi inapitisha. Hapa upo umeme, hapa upo, hapa haupo. "Mguu umechomoka nusu," msichana akasema, akaubonyeza, kengele ikalia. Dakika moja na nusu. Mgeni mmoja akapiga makofi.

Meza ya pili hivyohivyo. Ya tatu hivyohivyo, wakabishana kidogo juu ya rangi, wakapima, wakabadilisha. Wageni wakaacha kutazama saa zao, wakaanza kusukumana. Ilipofika meza ya tano, ule waya uliokatika ndani ya ngozi, Mzee Waya alijua hapo wamekwisha. Dakika ya kwanza, ya tatu, ya tano. Wakapima ncha ya huku na ya huku, wakatazamana. "Waya mzima unaweza kuwa umekufa?" mmoja akauliza. "Upinde tuone." Dakika ya sita kengele ikalia, na kabla hajauzuia, moyo wa Mzee Waya ukaruka kwa furaha, kama wa mjomba wake siku ile yeye alipolipata kosa kama hilo. Akaukemea. Akatazama sakafu.

Ndipo ikafika meza ya sita. Binti akaweka betri.

Kengele ikapiga kelele palepale, na ndoo tupu.

"Waheshimiwa wageni," Mbunge akasema, maana mdomo wake haukungoja ubongo, "debe tupu haliachi kuvuma!"

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Binti akamimina maji. Maji yakapanda, kipande cha ndala kikaelea, ndoo ikajaa, na kengele ikanyamaza. Sasa wageni walishika mbavu. Kengele inayolia pasipo na maji na kunyamaza yakifika! Mkuu wa idara akajifuta jasho.

Binti hakucheka. Alilitazama daftari lake, ambalo alikuwa ameliacha wazi na sasa limefungwa. Akalifungua. Akapitisha kidole kwenye mchoro, kisha kwenye ubao, mchoro, ubao, mpaka kidole kikasimama. Chini ya kidole palikuwa na waya uliosokotwa kinyume, ncha imekunjwa kama ndoana.

Kidole hakikuondoka. Macho yake hayakwenda mlangoni, na Mzee Waya aliomba yaende, hata kwa hasira.

"Umelipata kosa?" mgeni akauliza.

"Nimelipata."

"Tueleze basi."

"Yangu niliiunga iwe kinyume na ya kawaida," binti akasema. Sauti ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Vibati vinagusana tangu mwanzo, maji yakijaa ndala inaviachanisha, ndipo kengele ilie. Kwa sababu waya ukikatika, au panya akiutafuna, navyo ni kama vimeachana, kengele italia na mwenye tanki atajua imeharibika. Ile ya kawaida waya ukikatika inanyamaza tu, maji yanamwagika usiku kucha. Sasa rezista imehamishwa, imekuwa nusu ya kwangu na nusu ya kawaida."

"Nani ameihamisha?"

"Hilo bado sijaandika."

"Basi irudishe tuione."

Binti akautazama ule waya. "Naomba ibaki hivi, mheshimiwa," akasema. Hakuuchomoa mkono wa baba yake mbele ya watu. Wageni wakasubiri, wakachoka, wakaenda meza ya saba, na huko kosa lilipatikana kabla hawajasimama vizuri.

Mwisho wa yote mgeni mkubwa, yule aliyekuwa ameshavua koti, akauliza nani aliyetega makosa mazuri namna ile, kila meza na lake. Mwalimu akamtazama Mzee Waya, na Mzee Waya akajua kwamba anajua.

"Ni mzee wetu wa maabara," mwalimu akasema. "Hakuna anayeyajua makosa kama yeye."

Wakampigia makofi! Mkuu wa idara, ambaye kwa miaka ishirini na tatu hakuwahi kumshika mkono isipokuwa msibani, akamshika yote miwili, akaitikisa. "Mzee, Mzee, kumbe!" Hiyo ndiyo siku aliyotambuliwa na wakubwa: siku aliyofanya ubaya. Mema yote aliyofanya hayakuwa na barua. Na aliyempa heshima hiyo ni yule yule mwanamke, ameitoa kama mtu anayempa mwenzake kanga ajisitiri. Angalau angemtukana. Angalau angemshitaki, ajue pa kumchukia.

Wageni walipotoka mwalimu akapita mlangoni na droo yake ya betri.

"Yale saba nimeyapenda, Mzee wangu," akasema polepole. "La nane sikulielewa."

Karatasi zikabaki kabatini. Meza saba zikaandikwa zimefaulu. Ya sita ikaandikwa: warudie.

Saa kumi na moja jioni alimkuta binti uani, anaisuuza ndoo ya buluu. Mzee Waya akaketi kwenye ngazi. Ndoo ilisuuzwa mara moja, ikasuuzwa mara ya pili.

"Pole, mama," akasema.

"Baba, meza saba uliziharibu."

"Nani kasema?"

"Makosa saba, hakuna lililojirudia. Wanachuo hawakosei kwa mpangilio namna hiyo." Akaigeuza ndoo juu chini. "Hizo sina neno nazo. Zimetufundisha. Lakini yangu hukuiharibu. Yangu uliitengeneza."

"Ilikuwa na kosa."

"Haikuwa na kosa. Niliandika sababu kurasa mbili, daftari lilikuwa wazi. Hukusoma?"

"Nilisoma. Nilisoma ile ya nyekundu."

Binti akaitafuta ile ya nyekundu kichwani, na alipoipata, mabega yake yakashuka.

"Anawaandikia wote hivyo, Baba. Mbunge anaandikiwa kijana wangu."

Mzee Waya akakosa pa kutazama. "Yote haya kayaleta mkuu wa idara," akasema. "Yeye ndiye aliyeniambia, zikigoma nitarudi. Wakubwa hawa, mwanangu, wamenila miaka yote. Hata mama yako wale..."

"Baba. Mkuu wa idara hakuingia maabara asubuhi."

Jirani aliita mtoto wake, mtoto akaitika. Binti akajifuta mikono kwenye sketi, akaja akasimama mbele ya ngazi, karibu, kimo chake na cha baba aliyeketi vikawa sawa.

"Nikuulize kitu, na usinijibu haraka. Kengele yangu ingelia leo mbele ya wageni, vilevile nilivyoiunga mimi, mkono wako usiwepo hata kwenye waya mmoja. Ungefurahi?"